Sekunde ya Tatu

Basi lilitoka uwanjani Toledo limejaa watu walionuna, maana kwenye mechi ya futiboli ya Kimarekani mrusha mpira wetu alikuwa ameangushwa na wapinzani mara sita, akatolewa kwa machela. Mbele yangu bwana mmoja aliyeshika simu alikuwa akimweleza mambo ya mechi mama aliyevaa jezi namba 72, ya mlinzi wa kushoto, ambaye kazi yake ni kumkinga mrusha mpira asifikiwe.

"Mama, takwimu hazidanganyi. Sabini na mbili kashinda asilimia tisini ya makabiliano yake! Ukimzuia adui sekunde mbili na nusu, umeshinda."

"Na sekunde ya tatu?"

"Hiyo haihesabiwi."

"Sasa mguu wa kijana wa watu umevunjwa na nani?"

"Kajitakia. Kakaa na mpira mno."

Nikaafiki kwa kichwa, mimi niliyemzomea sabini na mbili mchana kutwa.

"Unanichanganya, baba. Sabini na mbili nimemzaa mimi. Kanipigia simu sasa hivi analia: 'Mama, nimemponza mwenzangu.' Nimwambie ameshinda?"

Bwana akaipekuapekua simu. Basi likasimama, mlango ukafunguka.

"Mwambie..." akaanza.

Mama akasimama ngazini akimngoja amalizie, na dereva, asiyetungoja hata kwenye theluji, naye akangoja.