Abiria wa Darajani

Sidonie aliukumbatia mkoba wenye funguo za gari la baba yake, mpaka mama aliyeketi naye katika teksibasi ya kwenda Luberizi akamwuliza, "Weye, umeiba?"

"Nimenyang'anya baba. Macho yake iko mubaya, na bado anaendesha. Anasimama kwa daraja, anafungua mulango, anangoja. Muntu hakuna! Nimemutafutia muntu wa pikipiki amubebe, amekataa."

Mama akacheka. "Pikipiki itabeba wangapi? Miye niko najua ile daraja. Mwaka wa vita watu wenye kukimbia walimunyooshea baba yako mukono pale. Gari ilikuwa imejaa, akapita. Kesho yake tukawazika."

Wakubwa waliokuja kukata utepe wa daraja jipya hawakumtaja hata mmoja wa wafu hao.

"Lakini, mama, ataua wazima!"

"Na wale wafu, nani atawabeba?"

Teksibasi ikapunguza mwendo, ikasimama darajani. Pande zote mpunga mtupu. Shofa akafungua mlango, akangoja. Hakuna aliyeshuka, hakuna aliyepanda. Abiria wakasogea kimyakimya, kiti baada ya kiti, kama wanaompisha mtu.

Sidonie naye akajikuta amesogea.