Historia ya Yakobo Malimi Chenge, Aliyeandikwa "Hakufika"

Mchungaji, wazee wetu, mama zetu mlioketi mikekani, ndugu mliovuka maji tangu alfajiri na majirani mliolala nasi hapa tangu juzi, familia ya Mzee Chenge Masalu inawasalimu, shikamooni nyote mnaostahili shikamoo, na imemtuma mdogo wake marehemu, Masalu Chenge, asome mbele yenu maisha ya kaka yake, kazi ambayo angeikwepa kama angepata upenyo, kwa sababu msemaji katika nyumba yetu alikuwa marehemu na huyu anayesoma ni mkulima tu wa pamba, lakini ya kusema yapo, na mengi ni ya kushukuru.

Marehemu Malimi alizaliwa tarehe 14 Machi 1923 hapa hapa kijijini Nyamasale, upande huu wa Sengerema, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Chenge na Mama Kija, na tarehe hiyo tunaijua kwa sababu misheni waliiandika kitabuni siku alipobatizwa akapewa jina la Yakobo, jina ambalo baadaye kila mhubiri aliyepita hapa alilitumia kutukumbusha yule Yakobo aliyechechemea baada ya kushindana na malaika, mpaka marehemu akaomba, kwa heshima zote, wahubiri watafute sura nyingine, maana yeye alishindana na mkanda wa mashine, na mkanda haukumbariki.

Aliingia shule ya misheni Januari 1933 na kumaliza darasa la nne Desemba 1936, akisoma jicho moja likiwa ubaoni na jingine dirishani, kuangalia ng'ombe wa baba wasiingie katika shamba la mwalimu, na pamoja na taabu hiyo alitoka na mwandiko mzuri sana, hata watu wazima wakawa wanamletea barua zao awaandikie, naye hakumkatalia mtu, ila alikuwa na tabia ya kuwasahihisha mambo yao humo humo ndani ya barua.

Mwaka 1941 alivuka kwenda Mwanza kutafuta kazi, akabeba mizigo bandarini kwa miaka minne, na tarehe 2 Juni 1945 akaajiriwa katika kinu kimoja cha kuchambulia pamba, akaanza kama kibarua wa kuhamisha marobota ya pamba iliyofungwa, akapanda hadi kuwa mtia mafuta wa mashine, kazi aliyoipenda na kujivunia, mpaka siku ya Alhamisi tarehe 9 Agosti 1951, saa nne asubuhi, msimu ukiwa umechachamaa, mkanda wa mashine ulipomkamata, na madaktari, ili kuokoa uhai wake, wakalazimika kumkata miguu yote miwili juu ya magoti.

Alilazwa miezi saba, na Mungu ambaye hafungi mlango bila kuacha dirisha alimweka kitanda cha jirani na Mzee Mbaruku Salehe, fundi viatu wa mtaa wa Makoroboi aliyekuwa akiuguza ngiri, na mzee yule, ambaye hakuwa wa kabila letu wala wa dini yetu, alimfundisha kushona ngozi wakiwa wote wawili wamelala chali, kisha marehemu alipotoka tarehe 17 Machi 1952 akampa nafasi barazani kwake, wakawa wanakata katambuga za tairi pamoja, na watu walipomtania marehemu kwamba anawatengenezea viatu watu mia wakati yeye hahitaji hata kimoja, aliwajibu kwamba ndiyo maana havai mali ya wateja. Hapo ndipo alipojitengenezea kigari chake mnachokijua, ubao wenye magurudumu manne ya chuma, akikisukuma kwa vibao viwili vya mkononi alivyovipiga raba ya tairi, na kelele za magurudumu yale zilijulikana Makoroboi nzima kabla yeye mwenyewe hajaonekana.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo bila hilo historia hii ingekuwa ya fundi viatu tu. Jumanne tarehe 14 Oktoba 1952 marehemu aliitwa katika ofisi moja ya serikali kusikilizwa madai yake ya fidia ya miguu, na mdogo wake Masalu ndiye aliyembeba mgongoni kupandisha ngazi tisa, askari wa mlangoni akasema wasindikizaji wasubiri nje, basi akamshusha chini ya dirisha la karani na kutoka. Dirisha lile lilikuwa usawa wa kifua cha mtu aliyesimama. Karani aliita jina la Malimi Chenge mara tatu, na mara tatu marehemu aliitika kwamba yupo, lakini watu walikuwa wengi na sauti zilikuwa nyingi, karani akatazama juu ya vichwa, hakuona mtu mpya, akaandika "Hakufika", akafunga faili, na ofisi ilipofungwa adhuhuri Masalu aliingia akamkuta kaka yake pale pale alipomwacha, vumbi la miguu ya watu limemjaa kifuani.

Njiani, walipokaribia soko, marehemu akasema, akiwa bado mgongoni, "Masalu, mgongo wako ni mzuri, lakini wewe utakufa na zile ngazi zitabaki," na tangu siku hiyo akakataa kubebwa na mtu yeyote, kwa jambo lolote, jambo ambalo mdogo wake alilichukua kama tusi, akasusa kumtembelea kwa wiki tatu nzima, na leo mbele yenu anakiri kwamba alikuwa hajaelewa, alidhani kaka yake anaukataa mgongo wake, kumbe anazikataa ngazi.

Tarehe 9 Januari 1954 marehemu alifunga ndoa na Bi. Akelo Ogada, binti wa wavuvi wa pwani ya Mara waliohamia Mwanza, ndoa ambayo haikuja kwa urahisi, kwa kuwa Mzee Ogada alimuuliza binti yake mbele ya wageni kama ameona vema kuolewa na mtu asiye na miguu, naye shemeji yetu, ambaye mpaka leo hajui kuficha linalomkaa moyoni, alijibu kwamba wanaume wenye miguu miwili amewaona wengi na hajaona walikokwenda. Mzee alicheka hadi akatoa idhini. Walijaliwa watoto wanne, Chenge aliyezaliwa 1955, Kija 1957, Odeta 1959 na Mbaruku 1962, huyu wa mwisho akipewa jina la yule mzee wa Makoroboi, na wote wako hapa na mama yao, tunawaomba muwatazame vizuri, kwa sababu kila mmoja wao alijifunza kutembea akishikilia kile kigari.

Fidia yake marehemu aliipata Septemba 1954, baada ya barua kumi na moja kwa mkono wake mwenyewe, na wengine wangeliishia hapo, lakini yeye hapo ndipo alipoanza, akawaza ni wangapi walioandikwa hakufika na mwandiko hawana. Tarehe 5 Machi 1955, barazani kwa Mzee Mbaruku, watu kumi na mmoja wakaunda chama, mmoja akapendekeza kiitwe Chama cha Wasiojiweza kama serikali ilivyokuwa ikisema, marehemu akauliza ni nani pale asiyejiweza wakati wote wamejileta wenyewe, wakakiita Tumefika. Mkono wake wa kulia alikuwa Bi. Mwaija binti Seif, muuza karanga asiyeona, aliyezijua kwa nyayo ngazi za kila ofisi mjini, hii saba, ile nne, ile tisa na ya sita ina ufa, na barua za chama zilipokwenda kwa Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, zikiwa na hesabu hiyo, hakuna aliyeweza kusema kwamba wanatunga.

Hata hivyo barua zilijibiwa kwa subira, subira ya wao kusubiri, ndipo marehemu akachomeka katambuga moja kwenye ncha ya fito, akaenda siku ya Jumanne, siku ya mashauri, akapanda zile ngazi tisa kwa mikono yake, akakaa chini ya dirisha lile lile, na jina la mwanachama yeyote lilipoitwa ile katambuga ikapanda juu mbele ya pua ya karani. Jumanne ya pili fito zilikuwa tano, ya tatu kumi na moja, na mji mzima ukaja kutazama, wenye miguu wakicheka na karani naye mwishowe akicheka, mpaka mwaka 1957 likatobolewa dirisha la pili, la chini, na ikaamriwa kwamba mtu haandikwi hakufika mpaka tarishi atoke atazame na chini. Kwa dirisha hilo wapo vibarua wa pamba, akina mama wajane, na watu waliokatwa vidole na mashine, waliopata haki zao ambazo zingekufa kimya, na baadhi yao tunawaona hapa leo.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, Tumefika walikuwa wa kwanza kupeleka barua kwa wakubwa wapya, wakaomba kila jengo la umma litakalojengwa liwe na njia ya mteremko, wakajibiwa kwa upole kwamba nchi bado changa, wavute subira, naye marehemu akaandika kwamba hiyo ndiyo sababu hasa, samaki mkunje angali mbichi.

Na hapa kijijini kwetu tukaona tumtangulie kumheshimu. Tulipoamua kujenga zahanati kwa kujitolea, elika yetu ya vijana wa kulima, chini ya uongozi wa huyu anayesoma, ilifyatua tofali na kubeba mawe kwa ngoma na nyimbo, tukaweka mteremko mzuri wa saruji mlangoni, wa kwanza sehemu zote hizi, na hatukumwambia, tulitaka aje aone mwenyewe siku ya ufunguzi, Saba Saba ya mwaka 1963. Lakini sisi ni Wasukuma, ndugu zangu, mnatujua. Wiki moja kabla, ng'ombe waligundua ule mteremko, wakawa wanapanda kulala kwenye sakafu ya baridi, basi mkuu wa elika kwa akili zake zote akalaza gogo la mti juu kabisa ya mteremko, likatiwa saruji pande zote mbili ling'ang'anie, ng'ombe wasipite. Tuliwafikiria ng'ombe, mtu tukamsahau.

Marehemu alivuka hadi Kamanga, akapanda lori la ushirika, akaingia hapa huku ngoma zinalia na mgeni rasmi amekwishakaa, akauona mteremko, na wote waliomwona usoni wanajua alivyofurahi, akajisukuma mwenyewe mpaka juu, na gurudumu likagota kwenye gogo. Ngoma zilinyamaza. Masalu alikimbia akainama mbele ya kaka yake akampa mgongo, kama zamani, na wazee wakaomba akubali mara hii moja tu kwa ajili ya mgeni, naye akamshika mdogo wake bega, akamwambia kwa sauti ya upole kuliko zote alizowahi kutumia kwake, "Niletee msumeno."

Msumeno ulikuwa mbali. Mgeni rasmi alingoja, kisha akachoka kungoja kitini, akaja akakaa juu ya lile gogo, uso kwa uso na marehemu, na kwa muda wote wa kutafuta msumeno fundi viatu alimweleza mkubwa yule juu ya ngazi tisa, dirisha, na neno hakufika, hata msumeno ulipofika ikabidi mgeni aombwe ainuke ili gogo likatwe. Masalu alilikata mwenyewe, kwa aibu yake, na marehemu akaingia zahanati kwa magurudumu yake, wa kwanza kabla ya mgeni rasmi, na mwezi uliofuata ikatoka amri kwamba majengo yote ya kujitolea katika eneo hili yawe na mteremko, kipimo chake kikichorwa na marehemu kwa kigari chake, na mlangoni pawekwe geti la fito linalofunguliwa kwa chini, kwa ajili ya ng'ombe.

Afya yake ilianza kuzorota Julai 1967 kwa ugonjwa wa figo, akatibiwa Mwanza na baadaye upande huu, na tarehe 3 Februari 1968 alilazwa kwa mara ya mwisho katika hospitali ya misheni, akaingia wodini mwenyewe, kwa mteremko, akikataa machela, ambapo aliaga dunia Alhamisi tarehe 22 Februari, saa tisa alasiri, Bi. Akelo akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na masista waliomhangaikia na kuvumilia masahihisho yake, majirani wa Makoroboi, Waislamu kwa Wakristo, mliofunga maduka kumsindikiza, ukoo wa Mzee Mbaruku, ndugu zetu wa Mara, mabaharia wa kivuko mliokuwa mkimngoja bila kuombwa, kwaya, elika, na zaidi ninyi wa Tumefika, ambao tumewaona asubuhi mkiteremka Kamanga na fito zenu, kila moja na katambuga yake, tukashindwa kujizuia tukalia.

Siku tatu kabla ya kufa, marehemu alimwita mdogo wake akamwachia neno moja kuhusu mazishi, kwamba kigari kibaki kwa atakayekihitaji, na yeye abebwe, kwa sababu siku hiyo hakuna asiyebebwa, mwenye miguu na asiye nayo, na akasema Masalu akae mbele, upande wa kulia, mgongo wake bado ni mzuri.

Kwa hiyo, kaka, tunainuka sasa kukubeba, ngazi hatutapanda hata moja, na popote jina lako litakapoitwa huko uendako, sisi huku tunashuhudia kwamba umefika. Pumzika.