Doña Narcisa Lindao Anamwacha Don Abelardo Kitandani

Baada ya kuitumikia Televisheni ya Manglar kwa miaka thelathini na mitatu, Doña Narcisa Lindao Yagual, fundi mkuu wa karakana yetu ya vifaa vya maigizo hapa Guayaquil, alistaafu rasmi tarehe 31 Desemba. Sherehe ilikuwa ifanyike siku hiyohiyo mchana. Haikufanyika, kwa sababu mstaafu alikuwa barabarani akifinya masikio. Ndiyo maana tumekutana leo, katikati ya Januari, na keki hii ni ya pili. Ya kwanza tuliila wenyewe tukimsubiri.

Doña Narcisa alianzia kwenye samaki. Mwongozaji mmoja alitaka soko la samaki lisilonuka, na msichana huyu mgeni akasema ataweza. Alimpaka samaki mbichi mafuta ya mgando ili silikoni isimshike, kisha akampaka silikoni yenyewe kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, mpaka ikaganda kuwa ngozi laini. Juu ya ngozi hiyo akajenga ganda gumu la faiba ili isilegee. Alipofungua na kumtoa samaki, ndani ilibaki kalibu, nafasi tupu yenye sura ya samaki hadi magamba, na humo akamimina samaki wengine kadiri alivyotaka. Paka wa studio walihangaika nao wiki nzima.

Tangu hapo ametutengenezea bastola, mafuvu, mananasi, na paja la nguruwe la faiba ambalo limehudhuria harusi nyingi kuliko padri yeyote wa jimbo hili. Keki yake ya harusi ilimvunja jino bwana harusi, ambaye alikuwa ameonywa. Sheria yake karakanani ni moja, "Mafuta kwanza!", na asiyeisikia hujionea. Mkuu wetu wa ulinzi alitaka nakala ya ngumi yake aiweke sebuleni, akaona mafuta ni mambo ya wanawake, akazamisha mkono mkavu kwenye silikoni. Ngumi ilitoka nzuri sana. Mkono wenyewe mpaka leo hauna unywele.

Lakini kazi inayompa jina Doña Narcisa ni Don Abelardo. Wasomaji wanakumbuka jinsi Efraín Montúfar, aliyeigiza tajiri huyo katika tamthilia yetu ya Hacienda Santa Rufina, alivyogombana na uongozi kwa sababu chumba chake hakikuwa na kiyoyozi, akaondoka na kofia ya mhusika kichwani. Waandishi wakamwangusha Don Abelardo kwenye ngazi na kumtia katika usingizi wa hospitali. Doña Narcisa alikuwa na kalibu ya sura ya Efraín, iliyochukuliwa zamani kwa ajili ya tukio la jeneza. Akamimina kichwa cha silikoni, akabandika masharubu unywele mmoja mmoja, akashona mwili wa sponji. Miguu hakuitengeneza, kwa kuwa blanketi lingeifunika.

Na tamthilia ikapaa! "Sasa anaigiza kwa moyo," alituambia mama muuza supu ya samaki pale getini. Barua za kumtakia nafuu zilijaa mapokezi. Uongozi ukafunga kiyoyozi kikubwa kwenye chumba cha mgonjwa, gundi ya masharubu isije ikayeyuka.

Hapo ndipo Doña Narcisa aliponaswa. Kwa muda mrefu amekuwa akitaka kwenda Playas kuishi na dada yake na kufuga bata, na kila alipoomba aliambiwa, "Mwaka mmoja tu, mama, Don Abelardo atabaki na nani?" Kichwa kikichanika ni yeye wa kumimina kingine. Mwishowe Mkurugenzi akakubali: atuachie mwili mmoja wa kudumu, kisha aende zake. Desemba akaukamilisha, mzuri kuliko yote, lakini katika kukitoa kichwa chake kalibu ikapasuka kutoka shingoni hadi kisogoni.

"Hiki ndicho kichwa cha mwisho," alimwambia mwandishi wa wasifu huu, ambaye ndiye anayevipaka rangi vichwa hivyo. "Kikipotea, mimi siendi popote." Kalibu mpya ingehitaji sura ya Efraín mwenyewe, naye alikwishaapa kwamba hatafunikwa tena silikoni huku akipumua kwa mirija puani.

Asubuhi ya tarehe 31 alimketisha Don Abelardo kwenye kiti nje ya karakana, harufu ya rangi ipungue, akaenda kunywa kahawa. Amezaliwa mji huu, amekulia mji huu, na siku hiyo alisahau ni siku gani. Guayaquil nzima ilikuwa imeketisha masanamu ya karatasi vitini, mlango kwa mlango, kila moja likiwa Mwaka wa Zamani, likingoja kuchomwa saa sita usiku. Na mwaka huu, kwa sababu ya kazi yake yeye mwenyewe, karibu kila nyumba ilikuwa imejitengenezea Don Abelardo wake: kichwa cha magazeti, tumbo la vumbi la mbao, masharubu ya ufagio.

Aliporudi, kiti kilikuwa kitupu.

"Wamekuja jamaa wa mtaani na pikapu," alisema mlinzi. "Wakauliza, huyu ni wenu? Nikawaambia ndiyo, chukueni tu, heri ya mwaka mpya!"

 Doña alivua aproni, kisha yeye nami tukaingia barabarani. Njia ya kumtambua ni sikio, kwa sababu la karatasi ukilifinya linabonyea, la silikoni linarudi. Akaanza mwanzo wa mtaa, akifinya mmoja baada ya mwingine, na masikio yakawa yanakatika mikononi mwake.

"We mama, una wazimu? Huyo tumemtengeneza mwezi mzima!"

"Na masikio mmeyaweka mbele mno," akajibu, akaendelea.

Kwenye kona alikuwako Don Abelardo mmoja mwenye kofia nzuri. Mjane alimlalia magotini akilia na kuomba sarafu kwa wapita njia, mjane mwenye ndevu na gauni jeusi, kama walivyo siku hiyo wanaume wote wanaojifanya wajane wa Mwaka wa Zamani. Doña alifinya. Sikio likarudi. Akalivuta kwa nguvu, kwa furaha.

"Aaai! Doña Narcisa, hilo si la studio, ni langu!"

Alikuwa Efraín Montúfar. Mjane aliruka nyuma, wigi likamtoka. "Mungu wangu, bwana, nimekulilia asubuhi nzima nikidhani ni karatasi!"

"Unafanya nini hapa, mwanangu?" Doña aliuliza.

"Nilitaka kuona kama bado wananikumbuka."

"Wanasemaje?"

Efraín alitazama viatu vyake. "Wanasema pua imekosewa."

 Kwa kweli nilimhurumia. Doña alimpangusa vumbi mabegani kama anavyopangusa kazi iliyotoka kalibuni, akamwambia ipo nafasi ya kulala kitandani, bila maneno, bila kufumbua macho.

"Kuna kiyoyozi?" aliuliza Efraín.

"Kikubwa."

Mkataba wake unasema ameajiriwa kuwa mbadala wa sanamu yake mwenyewe. Sanamu ilipatikana siku ya mwaka mpya. Sponji na suti viliteketea kwenye moto wa mtaa wa pili, lakini silikoni haishiki moto kirahisi, na asubuhi kichwa kilikuwa juu ya majivu kikitabasamu. Majirani walisema mwaka wa zamani umegoma kuondoka, wakamwita padri, naye akatupigia simu.

Jumatatu Efraín alianza kazi. Mwongozaji alilalamika kwamba anapumua, na watazamaji wakaandika kwamba Don Abelardo siku hizi analegalega. Tena ana miguu, na blanketi la sanamu ni fupi, hivyo nyayo zilikuwa nje. Doña Narcisa, ambaye tayari si mfanyakazi wetu, aliingia na blanketi lake la nyumbani, akamfunika hadi vidoleni. Kisha, kwa mazoea, akampaka mafuta ya mgando kwenye nyusi. Efraín hakutikisika. Doña alirudi nyuma hatua moja, akamkagua.

"Huyu anabaki," akasema. "Na mimi naenda."

Doña Narcisa, tunakushukuru kwa samaki, kwa mafuvu, na kwa kutufokea. Ndani ya sanduku hili lenye utepe kimo kile kichwa, kikiwa na masizi yake, kikalinde bata. Tutakukosa kuliko tunavyojua kusema. Nenda Playas salama, uishi kwa raha, na kila asubuhi uamke saa uitakayo. Wa kulala tunaye.