Kunde Zilizotunzwa na Serikali

Kama una haraka zako, usipite nje ya karakana ya baiskeli kuanzia saa kumi alasiri, maana utashikwa shati uulizwe maoni yako. Benchi ni mbili, zinatazamana, hatua hamsini tu kutoka geti la ghala la mbegu la taifa. Mwenye karakana ni Kipaza, aliyepewa jina hilo kwa kuwa ukimwambia siri inasikika sokoni. Wa pili ni Faili, tarishi mstaafu, aliyebeba majalada ya serikali miaka thelathini na anaapa hakufungua hata moja, ila yaliyomo anayajua yote. Wa tatu ni Dokta, ambaye si daktari wa mtu wala wa ng'ombe; ni fundi wa maabara humo ghalani. Jina alilipata kwa sababu ya koti lake jeupe, na hakulikataa. Kahawa anamimina Shangazi, asiye na undugu na yeyote kati yao, na wote wanamwogopa. Siku hiyo redio ya karakana ilikuwa imetangaza mchana kwamba mbegu za asili za nchi ziko salama salimini, asilimia tisini na mbili ziko hai, na Kipaza alikuwa hakamatiki.

– Dokta! Leo umesemwa redioni, bwana!

– Hawakunitaja, – alisema Dokta.

– Wakutaje ili iweje? Hizo tisini na mbili anazihesabu nani kama si wewe? Shangazi, mpe kikombe kikubwa.

– Vikombe vyote ni sawa, – alisema Shangazi.

Dokta alipokea kahawa yake akaitazama. Siku nyingine angekohoa kidogo, akanyoosha kola, akawapa somo. Leo aliipuliza kahawa tu, akiiwaza ile tisini na mbili. Alijua ilikotoka: kwenye kalamu yake mwenyewe. Alijua pia kwamba kati ya chupa zile zilizosifiwa redioni, zipo ambazo ndani hamna kitu, na aliyezimaliza ni yeye.

– Hebu mweleze huyu Faili mnavyopima, – alisema Kipaza. – Anadhani mnazitikisa sikioni.

– Sijasema hivyo. Nimesema zamani walitikisa.

– Kazi yenyewe ndogo, – alisema Dokta, sauti imeshuka. – Unahesabu mbegu mia. Unazipanga kwenye karatasi yenye maji, unangoja siku saba. Zikiota tisini na mbili, unaandika tisini na mbili.

– Umesikia? Sayansi hiyo!

– Kupima si tatizo, – alisema Faili. – Tatizo ni mbegu ni ya nani. Nisikilizeni, barua hizo nimezipeleka kwa miguu yangu hii. Mbegu ikiwa kavu ni ya watu wa utafiti. Ikiingia shambani ni ya watu wa mashamba. Ikiwa ya mti, ni ya misitu. Jani lake likikaushwa likabandikwa kwenye karatasi, hilo ni la makumbusho.

– Na ile inayoota yenyewe kwenye ua wangu?

– Hiyo haina wizara.

– Ndiyo maana haifi! – Kipaza alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka.

– Cheka tu. Ipo kamati ya taifa ya kuwaunganisha wote. Mialiko yake nimeisambaza mara sita.

– Ikakaa?

– Ikae vipi, na mwenyekiti hajateuliwa? Na wa kumteua anangoja kamati ikae impendekezee jina.

– Makubwa, – alisema Shangazi.

Kipaza aliinama mbele, ishara kwamba sasa anatoa kubwa kuliko zote.

– Nyote mnazugwa. Mbegu hazipo hapo. Zilishapelekwa ng'ambo zamani, kwenye barafu, ndani ya mlima. Humo ghalani wameacha kokoto, wanazipulizia baridi.

– Kwa hiyo Dokta anaotesha kokoto? – aliuliza Shangazi.

– Dokta kala kiapo, hawezi kusema. Mtazame anavyoinama!

– Kokoto, hapana, – alisema Faili. – Nijuavyo mimi, nchi hii ikichafuka, mkubwa ataondoka na sanduku moja tu. Na humo ndani si dhahabu. Ni maharage.

– Maharage?

– Maharage, mtama, kunde, kila kitu kidogo kidogo. Huko atakakofika anapanda, anaanzisha nchi upya. Na sisi hatumo!

Walicheka mpaka Shangazi akafuta macho. Dokta naye alicheka, akachelewa kidogo, na kicheko chake mwenyewe kilimchukiza. Angeaga akaondoka zake, ila kahawa ilikuwa ya moto, na mtu anayeondoka na kahawa ya moto huulizwa maswali.

Hapo ndipo alipokuja yule mwanamke. Alikuwa mtu wa makamo, na mkoba begani na vumbi la safari mpaka magotini.

– Hamjambo hapa. Shikamoo mama, – alimwambia Shangazi. – Askari wa getini ameniambia ofisi imefungwa, ila bwana wa mbegu anakunywa kahawa hapa.

– Umefika! – alisema Kipaza. – Huyu hapa, Dokta mwenyewe! Amesemwa redioni leo!

Mwanamke alimshika Dokta mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akatoa mkobani karatasi iliyofungwa kwenye plastiki, akaifungua taratibu.

– Kaka yangu, miaka kumi na minane iliyopita walikuja watu wa kwenu kijijini. Mama yangu aliwapa kunde, zile nyekundu zenye doa jeupe. Wakamwandikia namba hii.

Dokta hakuhitaji kuisoma. Chupa namba mia saba na tatu.

– Kunde hizo zilikuwa hazisikii jua, – aliendelea mwanamke. – Tulizipanda kijiji kizima. Zikaja za dukani, zinazowahi kukomaa, sote tukazikimbilia. Mama alikuwa bado anabakiza kibuyu kimoja cha mbegu kila mwaka. Mimi ndiye niliyemkataza. Nikamwambia, mama, unajisumbua bure, si serikali inazitunza? Akaacha. Sasa mwaka wa tatu huu za dukani zinatukaukia zikiwa na maua. Mama yuko kitandani, na kila asubuhi swali lake ni hilohilo, umeshaenda? Naomba konzi moja tu.

– Konzi? Mpe debe zima! – alisema Kipaza.

– Haiwi hivyo, – alisema Faili. – Kwanza barua, nakala tatu.

Dokta alilidaka neno hilo kama mtu anayezama anavyodaka kamba.

– Ni kweli, dada. Kuna utaratibu. Uandike barua, ipitie kwa mkuu, halafu…

Alijisikia anavyosema. Alimwona mwanamke anatoa kalamu mkobani, tayari kuandika hapo hapo juu ya goti, na uso ukamwaka kwa aibu. Angemfanya arudi kwao, aje tena, arudi tena, kwa ajili ya chupa tupu.

– Dokta, – alisema Shangazi. – Mwenzio katoka mbali. Zipo au hazipo?

– Hazipo.

Mwanamke alishusha kalamu.

– Zimekufa?

– Hazikufa, dada. Zilikuwa nzima kabisa. Nilizipima mpaka zikaisha.

Hakuna aliyemwelewa, ikabidi aseme yote, na aliyasema akiangalia viatu vyake. Chupa iliingia na mbegu mia nne na kidogo. Sheria ya kazi ilikuwa kupima mia moja zinapoingia, na mia nyingine kila baada ya miaka mitano, na iliyooteshwa hairudi chupani. Zilipobaki nusu, zilitakiwa ziende shambani zikazalishwe, zirudi nyingi. Aliwaandikia watu wa mashamba. Wakamjibu wanangoja kamati. Akangoja naye. Tarehe ya kupima ikafika. Kipimo kisipofanyika anaulizwa yeye kwa jina lake. Chupa ikiisha haulizwi mtu. Akapima. Miaka mitatu iliyopita alimimina zilizobaki, zote, akazipanga kwenye karatasi. Akairudisha chupa kwenye baridi, na kila mwaka tangu hapo anaandika kwenye ripoti jibu lilelile, tisini na mbili.

– Yaani ile tisini na mbili… – alianza Kipaza, akaishia hapo.

Faili alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Dokta alitamani mwanamke apige kelele, amtukane mbele za watu, hata amwagie kahawa. Angestahili, na angepumua. Lakini mwanamke alikuwa anahesabu miaka kwa vidole, midomo inamchezacheza.

– Kwa hiyo ziliota, – alisema.

– Ziliota.

– Mara zote nne?

– Mara zote nne. Hazikushuka chini ya tisini.

– Zilikuwa nzuri?

– Nzuri sana, dada. Mbegu za mama yako zilikuwa nzuri kuliko zote humo ndani.

Mwanamke alitikisa kichwa polepole, akaikunja karatasi yake.

– Sasa kaka yangu, hizo zilizoota, ulikuwa unazipeleka wapi?

Dokta aliiona ndoo ya taka chini ya sinki la maabara, na miche midogo ya kijani, majani mawili mawili, anaikung'uta humo pamoja na karatasi yake ya maji, kisha ananawa mikono na kwenda kuandika namba. Mia kasoro chache, mara nne. Miaka yote hiyo hakuwahi hata kuwaza kwamba ile ilikuwa mimea. Kipaza alizima redio. Shangazi alisimama na birika mkononi bila kummiminia mtu. Mwanamke alikuwa bado anamtazama, anangoja kwa adabu, maana kwa akili yake ni lazima kuna mtu aliyezipanda mahali.