Historia ya Mwalimu Insaf Bushra, Ambaye Hakuamini Masikio Yake

Padri wetu Abuna Bishoi, majirani wa pande zote mbili za mfereji, walimu mliofundisha naye na ninyi wengi mliofundishwa naye, mimi ni Wissa, mdogo wake wa mwisho, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, kazi ambayo yeye mwenyewe, kama angekuwa amekaa hapo mbele, angenitazama macho na midomo kuhakikisha kwamba nasoma kweli, maana katika miaka yangu sitini na miwili hakuniamini kwa jambo hilo hata siku moja. Na mimi sitaficha mbele ya jeneza lake kwamba nilikuwa na jambo langu moja ambalo sikumwamini yeye.

Marehemu Insaf Bushra Ghattas alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1949 hapa hapa Nazlet Ghattas, upande wa Mallawi, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa marehemu baba yetu Bushra, aliyesuka matenga ya makuti ya kubebea matunda, na marehemu mama yetu Rifqa, ambaye hakwenda shule, aliyeweka dole gumba kwenye kila karatasi ya serikali, na ambaye kila Jumamosi alikuwa miongoni mwa wanawake waliofagia kanisa hili.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1955 hadi 1961, akaendelea Mallawi hadi 1964, kisha akajiunga na chuo cha ualimu mjini Minya, alikohitimu mwezi Juni 1969, na tarehe 1 Oktoba mwaka huo huo akapangiwa darasa la pili katika shule yetu, watoto hamsini na watatu, Waislamu na Wakristo kwenye mabenchi kumi na matatu. Jumapili alifundisha watoto wa kanisani pia, na ufunguo wa kanisa ulikuwa mfukoni mwake, jambo ambalo naomba mlikumbuke.

Sasa nieleze lile jambo, maana wazee mnalijua na vijana mmelisikia kwa kicheko. Wakati huo nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa msomaji wa kanisa, kipenzi cha baba. Marehemu Muallim Tadros, kiongozi wa nyimbo, alikuwa kipofu, akatufundisha sisi wavulana kila kitu kwa sikio, nyimbo na masomo ya Jumapili, na mwenye sauti nzuri hakuulizwa mengine. Nilikuwa na sauti. Nilisimama mbele ya kitabu kikubwa, nikafungua penye utepe mwekundu, nikakodolea macho ukurasa na kuimba somo zima bila kukosea, akina mama wakalia, na baba akapita akigawa sharubati nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyejua kwamba sikuzitambua hata herufi tatu za jina langu.

Jumapili tarehe 19 Oktoba 1969 askofu alikuja kututembelea, baba akaazima koti, nami nikapanda, nikafungua penye utepe, nikaanza. Askofu alisimama nyuma yangu akifuata kitabuni, na baada ya mistari miwili akaniwekea mkono begani.

"Mwanangu, uko wapi?"

"Niko hapa, Sayidna," nikamjibu, na kanisa zima likacheka.

Utepe ulikuwa umehamishwa, ndugu zangu. Ulikuwa kwenye somo la wakati wa mfungo, na mimi nilikuwa naimba la Oktoba. Askofu akaweka kidole kwenye ukurasa, akasema kwa upole, "Basi soma hapa," na mimi nikamtazama yeye usoni badala ya kitabu, mpaka baba akainamisha kichwa.

Nyumbani baba alipaza sauti, "Umenivua nguo mbele ya watu!" na Insaf, akiwa amesimama mlangoni, akasema neno moja tu, "Nilijua." Mimi nikamhukumu kwa neno hilo na kwa ule ufunguo. Nilimuuliza mchana ule, nikamuuliza siku alipochumbiwa, nikamuuliza tulipomzika mama mwaka 1988, "Ni wewe uliyehamisha utepe?" na kila mara alinijibu, "Soma kwanza, halafu uniulize," kana kwamba mimi bado ni mtoto, na hakukubali wala hakukataa. Nilikataa kuimba kwenye harusi yake. Hilo nalijutia, lakini wakati ule niliona ni haki yangu.

Jumapili hiyo hiyo mchana nilikalishwa kwenye mkeka na kitabu cha darasa la kwanza, mama mbele yangu akiwa na punje mbili za ful, yale maharage yetu ya asubuhi, Insaf amesimama nyuma yake, na hapo ndipo ilipoanza ile njia mliyoipitia karibu nyote. Mama, asiyejua kusoma, aliweka punje moja chini ya neno, nikalitaja, kisha akatafuta neno lenye sura ile ile mahali pengine akaweka ya pili, na kama nilitaja kitu kingine alijua nimedanganya. Na niliponyanyua macho kumtazama yeye usoni, akasema, "Jibu haliko kwenye pua yangu." Kufikia sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana nilikuwa nasoma, kwa hasira, lakini nasoma.

Insaf aliipeleka njia hiyo kwenye nyumba za wanafunzi wake, na hakupokewa kwa vigelegele. Akina mama walidhani anakuja kuwapima wao, akina baba walidhani analeta mambo ya mjini, na Umm Sayyid, ambaye yupo hapa leo na Mungu ampe afya, alimfungia mlango nusu akamwambia, "Abla, mwalimu ni wewe, mimi sijui hata jina langu, nitamkagua vipi mtoto?"

"Mbuzi wako unamtambua akiwa katikati ya mbuzi wa jirani?"

"Hata akiwa mbali."

"Basi na maneno ni hivyo hivyo. Ukiliona moja mara mbili, mwambie akutajie mara mbili, na jina liwe lile lile."

Shuleni napo, marehemu Ustadh Abdel-Moneim, mkuu wa shule, aliyejivunia darasa lililosoma kwa sauti moja mpaka barabarani, alikasirika alipomwona anawaita watoto mmoja mmoja na kuwaanzisha katikati ya ukurasa, akamuuliza, "Wewe binti, huamini hata masikio yako?" naye akajibu, "Macho naamini, Ustadh. Masikio ndiyo siyaamini." Ilibainika kwamba katika wale hamsini na watatu waliokuwa wanasoma kweli ni sita. Aliandikiwa barua ya onyo kwa kuharibu sifa ya shule, akaikunja, akaendelea, na mwaka 1996 akapewa cheti kwa njia yake ya punje mbili, akakitia kabatini wala hakukitundika, na sisi tukadhani ni unyenyekevu. Alistaafu mwezi Machi 2009.

Jumapili tarehe 22 Julai 1973 aliolewa na marehemu Halim Ghobrial, karani wa ushirika wa wakulima, baada ya kumpa gazeti sebuleni mbele ya wazazi wa pande zote na kumtaka aanzie safu ya tatu, na Halim, Mungu amrehemu, akasoma huku jasho linamtoka. Walijaliwa mabinti wawili, Nermine mwaka 1975 na Irini mwaka 1979, ambao wote walipita kwenye mkeka na kwenye punje.

Alianza kuugua figo mwaka 2019, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki mjini Minya, na hata huko hakumeza kidonge mpaka muuguzi amsomee maandishi ya kwenye kopo mara mbili. Jumatatu tarehe 30 Januari 2023 alitoa bahasha chini ya mto, akasema, "Ifunguliwe mbele ya watu. Wissa asome. Nermine, wewe uikague gundi." Alifariki Ijumaa tarehe 3 Februari 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliobeba chakula tangu juzi, walimu wenzake, na Umm Sayyid aliyemwosha.

Nermine ameikagua gundi asubuhi hii na anasema haijaguswa. Naifungua sasa. Mniwie radhi, nitasoma polepole.

"Wissa, kama midomo yako inatamka haya, basi unasoma, maana haya hakuna aliyekuimbia. Swali lako nalijibu. Si mimi, ni mama. Jumamosi ile nilimkuta mbele ya kitabu, ufagio kwapani, anauvuta utepe kwa kidole. Aliniambia, 'Huyu mtoto juzi nimemwekea mkate juu ya ukurasa, akaendelea kusoma.' Nikasema tumwambie baba. Akasema, 'Mimi sijui kusoma, nani ataniamini?' Alipoona umeaibika vile alilia, akaogopa utamchukia, akaniomba jambo hilo nilibebe mimi. Wewe ulikuwa unalala miguuni pake, kwangu hukuwa unalala. Nikalibeba. Na zile punje ni zake, mimi mchana ule nilisimama nyuma yake nikijifunza. Nimesifiwa miaka yote hii kwa akili ya mama. Jina lake ni Rifqa Yaqub. Walimu waambieni watoto."

Karatasi imeishia hapo.

Ndugu zangu, nilikuja hapa nimejiandaa kumsamehe dada yangu mbele yenu, maneno nilikuwa nimeyaandika, ni haya hapa chini na sitayasoma, kwa sababu hakuna cha kumsamehe, na anayetakiwa kuomba radhi ni mimi, niliyemkasirikia miaka hamsini na mitatu kwa jambo alilolibeba ili nisiache kumpenda mama. Insaf, binti wa Rifqa, niwie radhi, na Bwana akupumzishe kwa amani.