Kebo ya Bluu Kwenye Benchi

Benchi letu liko mbele ya kinyozi: miguu mitatu, wa nne ni tofali. Jana alasiri nilitua hapo boksi la kebo ya bluu ya mtandao wa kompyuta, nikaagiza kahawa. Nilikuwa nimeshaivuta kebo hiyo kwenye vyumba viwili vya zahanati, imebaki maabara, na kompyuta zingewashwa kesho yake. Ufundi nimejifunza mwenyewe. Jina langu ndilo cheti changu. Antena, fundi redio mstaafu, akaishika kebo kama anayepima homa ya mtoto.

— Bluu ni ya ofisini hii. Hospitali wanatumia njano.

— Nani kakudanganya? akadakia Wembe, kinyozi wetu. Njano ni ya mwendo kasi. Nyekundu inakimbia zaidi, ila inachemka.

— Inachemka! Kwani chai?

— Cheka tu. Kijivu nayo inapitisha sauti peke yake, picha zinabaki njiani.

— Acheni porojo! nikafoka. Ubavuni imeandikwa Cat 6, daraja la mwendo kasi, hamsomi? Kiwanda kizima kiandike uongo?

Hapo akafika shangazi yake Wembe, aliyeunganisha nyaya za simu miaka thelathini.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba. Ndani mmeangalia?

Nusu saa ya kelele, na hakuna aliyeichuna.

Akaomba wembe. Jamani, yule mama ana mikono! Alizungusha mara moja tu, ganda likavulika kama soksi, jozi nne za nyaya zikachanua bila mkwaruzo hata mmoja. Akaihesabu misokoto kwa ukucha.

— Rangi ya ganda ni pambo, wanangu. Cat 6 husokotwa kwa kubana, na nyingi zina uti wa plastiki katikati. Hii imelegea, na uti hakuna. Haya, tazameni waya wenyewe.

Akaukwangua. Wekundu wa shaba ukabanduka kama rangi ya kucha, chini kukang'aa weupe.

— Alumini iliyopakwa shaba, si shaba tupu.

Akaukunja mara tatu. Ukakatika.

Damu ikanipanda.

— Aliyeniuzia atanitambua leo! Namfuata sasa hivi!

— Mfuate, baba, akasema, akiniwekea kile kipande kiganjani. Na daktari wa zahanati, nani anamwambia kuwa vyumba viwili vimeshavutwa hii?

Antena akachungulia kikombe chake. Wembe akashika ufagio, akafagia palipokwisha fagiliwa. Nikachukua koleo langu, nikashika njia ya zahanati.