Bi Sindano Alifika: Maisha ya Mshona Matanga

Ndugu, jamaa na majirani, kabla ya yote familia inaomba jambo moja lieleweke. Marehemu hakufia baharini. Gazeti la juzi limeandika hivyo, redio imerudia, na kadi iliyofungwa kwenye shada la maua la Kamati ya Mashindano ya Mashua inasema "bahari imemchukua shujaa wetu". Bahari haikumchukua. Alifia kitandani kwake, chumba cha mbele, dirisha likiwa wazi, mumewe amemshika mkono. Tunayosoma hapa ndiyo maisha yake kama alivyoyaishi.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Baba yake alikuwa mpima mizigo bandarini, na mama yake alifua mashuka ya hoteli. Mama husimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kutembea lakini aliwahi kusema, na neno lake la kwanza lilikuwa "hapana".

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, kisha akajiunga na chuo cha ufundi kujifunza kushona. Mwalimu wake ndiye aliyempa jina la Sindano. "Mwembamba, mkali, na hapiti mahali bila kuacha uzi," alisema. Jina likamganda, hata benki walimwita hivyo.

Mwaka 1976 aliajiriwa ghorofa ya juu ya kiwanda cha mashua, kwenye ukumbi wa kushonea matanga. Ni kazi ya kupiga magoti: tanga hutandazwa sakafuni, fundi hutembea juu yake peku, na cherehani huwekwa ndani ya shimo ili kitambaa kiteleze sawasawa na sakafu. Alifanya kazi hiyo kwa miaka arobaini. Wateja walipolalamika kwamba tanga fulani halivuti, Sindano alidai apelekwe majini akalione. "Nguo hujaribiwa ikivaliwa," alimwambia msimamizi. Walimcheka, wakampakia. Alirudi anajua kushika usukani, na toka siku hiyo hakukosa Jumapili hata moja baharini.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na fundi rangi wa kiwanda hichohicho. Walijaliwa binti na mvulana. Mwenye mashua moja ndogo alipoitelekeza uwanjani, wanandoa hao waliichukua, wakaikwangua, wakaiziba na kuipaka rangi kwa miaka kadhaa. Alipomweleza mumewe kwamba angeshindana nayo kuvuka bahari kuu peke yake, mume alisema, "Mke wangu, mimi maji nayapenda yakiwa kwenye glasi. Lakini nitakupaka mashua isiyovuja."

Kamati haikumtaka. Walimwambia mashindano hayo ni ya manahodha, yeye ni fundi cherehani. Alimaliza safari ya majaribio waliyoiweka wao wenyewe, wakamwandikisha. Tarehe 11 Mei 2003 aling'oa nanga pamoja na wenzake kumi na sita, kila mmoja peke yake katika mashua yake.

Katikati ya bahari wimbi lilimpindua. Mashua iliinuka tena, lakini mlingoti ulikatika, na maji yakaua redio pamoja na kifaa kilichokuwa kikituma habari za mahali alipo. Ilimbidi akate kamba na kuacha kipande kilichokatika kiende pamoja na tanga kubwa, kisije kikautoboa ubavu wa mashua. Meli ya mizigo ikaliokota tanga hilo likielea, lina namba yake. Kwa Kamati, hayo yalitosha kumtangaza amekufa.

Katibu wa Kamati alikuja nyumbani na tai nyeusi. Mama, aliyekuwa akimenya viazi, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mmeokota kitambaa," akasema. "Mtoto wangu yuko wapi?"

"Mama, jipe moyo. Ukubali."

"Mimi kitambaa sikiziki."

Hata hivyo watu walijaa. Ndugu walikaa matanga, na mwenye matanga yuko mbali anashona matanga. Sindano alikuwa amesimamisha kipande cha mlingoti kilichobaki, akakata tanga la akiba kulingana nacho, akaliunga kwa mkono huku vidole vikipasuka kwa chumvi. Aliongozwa na dira na ramani ya karatasi, akanywa maji ya mvua, akasonga mbele.

Tarehe 2 Julai 2003, mchana kweupe, alivuka mstari wa kumalizia. Mstari ulikuwa bado haujafungwa, siku ya mwisho ya kupokea mashua haijapita. Tunarudia kwa faida ya waliokuja kuhakikisha: haujafungwa. Alikuwa wa kumi na moja. Gatini alimkuta ofisa mwenye saa shingoni.

"Wewe nani?"

Akamtajia jina na namba.

"Haiwezekani. Huyo tulishamtoa mashindanoni. Amefariki."

"Basi mwandike marehemu amefika wa kumi na moja."

Hawakumwandika. Usiku uliotangulia walikuwa wamefanya hafla, wakazindua Kombe la Kumbukumbu lenye jina lake, wafadhili wakapiga makofi. Kumtambua kungewaaibisha. Wakasema kanuni ni kanuni, aliyetolewa ametolewa. Kila baada ya miaka minne kombe hilo likatolewa kwa heshima ya "nahodha aliyepotea", ilhali nahodha mwenyewe alikuwa ghorofani amepiga magoti, akiwashonea washindani matanga ya kwenda kulishindania. Alikwenda ofisini kwao mara tatu. Mara zote aliambiwa, "Tutaliangalia." Je, mtu hufa mara ngapi ndipo watu waone haya?

Yeye alijua kucheka. Kaka wa mumewe hakuhudhuria matanga yale ya 2003, na Sindano aliporudi alimfuata hadi dukani kwake.

"Shemeji, nimekufa hukuja. Nikifa tena utakuja?"

"Nitakuja wa kwanza," akajibu shemeji.

Shemeji huyo leo amefika kabla ya viti. Ahsante, shemeji.

Figo zake zilianza kushindwa mwaka 2016. Alisafishwa damu kwa karibu miaka mitatu bila kulalamika, isipokuwa juu ya chai ya hospitali. Muuguzi mmoja alimuuliza, "Mama, si wewe uliyepotea baharini?" Akamjibu, "Sikupotea mwanangu. Wao ndio walionipoteza." Jumapili tarehe 3 Machi 2019, saa kumi na moja jioni, alituacha akiwa na umri wa miaka sitini.

Jana Kamati iliomba kombe lile liwekwe juu ya jeneza. Familia imekataa. Mwenyekiti wa Kamati yupo hapa, tunamkaribisha kwa heshima, akae na asikilize. Tunachotaka ni mstari mmoja kwenye matokeo ya mwaka 2003: wa kumi na moja, na jina lake. Kuuandika ni kazi ya dakika moja. Ameusubiri karibu miaka kumi na sita, na umemkosa.

Ameacha mama mzazi, mume, binti, mwana na mkamwana wake, wajukuu wawili, kaka wawili na dada wawili, na wanafunzi wa cherehani wasiohesabika.

Lala, dada yetu, umechoka. Ugomvi huu tumeurithi sisi.